Miguu ya Mukaka

Président amekufa. Habari ilinikuta Beni, sokoni Beu, nikiwa nachagua nyanya, na kabla sijamaliza kuisoma kwenye simu nilisikia harufu ya naftalini. Hapakuwa na naftalini pale. Palikuwa na nyanya, samaki wa chumvi na moshi wa pikipiki. Lakini mtu yule na harufu ile hawakuachana maisha yao yote. Alikuwa na koti moja la kahawia alilolitoa sandukuni kila Jumapili, na sisi watoto tulijua amefika kabla hajavuka kizingiti.

Sisi tuliokuwa katika klabu yake ya picha, kwenye paroisse moja, parokia ya pale Butembo, tuna group letu la WhatsApp. Sikuomba kuingizwa. Jioni ile kila mtu alikuwa analia humo kwa vidole: nguzo yetu, mwanga wetu, jicho letu. Kisha mmoja akapendekeza kila mwanachama wa zamani aandike maneno machache juu ya kile Président alichomfundisha, yasomwe siku ya mazishi. Najua maiti hasemwi vibaya. Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa, na nilichokikumbuka hakiwezi kusomwa mbele ya padri, ndiyo maana nakiandika hapa.

Wenye umri wangu mtakumbuka kwamba siku zile kamera haikuwa kitu cha mfukoni. Ilishikwa kwa mikono miwili, ikafutwa kwa kitambaa, na aliyekuwa nayo mtaani alisalimiwa kwanza. Président hakuwa fundi wa studio. Alikuwa karani wa bureau fulani, mpenda picha tu kama sisi, ila yeye alikuwa na cheo alichojipa mwenyewe, na cheo cha kujipa ndicho kizito kuliko vyote. Kila Jumapili baada ya misa ya pili tulikaa kwenye madawati ya salle, ukumbi wa paroisse, tukaweka picha zetu mezani, naye akazipitia moja moja. Aliita kazi hiyo critique. Mwenye picha alipaswa kusimama, kunyamaza, na mwisho kusema merci.

Jicho lake lilijua makosa machache sana, na lililokuwa kubwa kuliko yote lilikuwa kukata miguu. Picha nzuri, kwa Président, ilikuwa mtu kutoka utosini hadi kiatuni, amesimama wima kama anayesubiri hukumu. Ukileta mtoto anayenyonya, aliuliza miguu ya mama. Ukileta bibi harusi analia, aliuliza viatu. Yeye mwenyewe hakuleta picha hata siku moja, isipokuwa ile ya lori aliyoipiga Kirumba na kuibandika ukutani ili tujifunze. Lori zima lilikuwemo, na magurudumu yake yote. Dereva alikuwa dirishani, lakini hata mke wake asingemtambua. Tulipigia makofi magurudumu.

Wakubwa wa klabu walikuwa wabaya kuliko yeye, kwa sababu yeye angalau aliamini upuuzi wake. Wao walisubiri aseme, kisha wakasema hicho hicho kwa sauti nzito zaidi. Niliwaona werevu. Niliketi dawati la mbele, nikafungua macho, nikameza kila neno.

Kamera niliyotumia haikuwa yangu. Shangazi Masika, dada mkubwa wa baba, alikuwa anaishi hapa Beni, na alipokuja Butembo likizo moja aliniachia kamera yake ndogo ya rangi ya fedha. Nilipiga kila kilichosimama. Nikapiga kuku, nikapiga mabati ya baba dukani, nikapiga ukungu juu ya mikaratusi. Na asubuhi moja nikampiga mukaka.

Mukaka ni bibi, kwa wasiojua Kinande. Huyu alikuwa mama wa baba, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, aliyelima poireau, vitunguu vya majani marefu, nyuma ya nyumba kwenye mteremko ambao mtu mwingine asingethubutu hata kusimama. Alikuwa anapanda kutoka bondeni na fungu la poireau kifuani, udongo mpaka kwenye viwiko. Nilimwita. Aliponiona nimeficha uso nyuma ya kile kidude cha fedha, akacheka. Akacheka kwa meno aliyobaki nayo, jicho moja limefumba kwa ajili ya jua. Nilibonyeza hapo.

Picha ilipotoka labo, kule kwa wachapa picha, nilimpelekea jikoni. Aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga.

“Ni miye uyu,” alisema. “Mais iyi poireau nyembamba iko ya nani? Ya kwangu hapana kuwa hivi.”

“Ni ya kwako, mukaka.”

“Bon.” Aliipangusa kwa kitenge chake. “Siku ya kufa yangu, njo iyi mutabeba mbele ya sanduku. Hapana ile ya carte ya kitambulisho. Mu ile niko kama mwizi ya mbuzi.”

Kwetu mjukuu ndiye anayetangulia jeneza na picha ya marehemu kifuani, ili njia nzima ijue nani anapita. Kwa hiyo mukaka hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa amechagua uso wake wa mwisho, na alinipa mimi kazi ya kuutunza. Nilivimba kwa fahari. Na kwa sababu ya fahari hiyo hiyo, Jumapili iliyofuata nikaipeleka klabuni.

Président aliiinua juu kwa vidole viwili.

“Mes amis, tunasema nini juu ya iyi photo?”

Hakuna mjinga aliyesema kabla yake.

“Bien. Tunapongeza mutoto, ameleta photo. Mais kwanza kabisa: miguu iko wapi?”

“Miguu hapana, Président!” waliitikia wakubwa wote.

“Amekata mukaka yake miguu. Mutoto muzima anakata mukaka yake miguu! Na tena mukaka anacheka. Mutu mukubwa anacheka juu ya nini mu photo? Meno imeisha, njo anaonyesha. Jicho imefunga. Poireau iko muzima, mukaka iko nusu.”

Salle nzima ilicheka. Alitoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa koti na kuchora mshale mnene, kutoka kiunoni mwa mukaka hadi ukingo wa chini wa picha, pale ambapo miguu ingepaswa kuendelea. Kisha akaitia kwenye bahasha yake ya kaki.

“Iyi itabakia na miye. Ni mufano mubaya muzuri sana.”

“Merci, Président,” nilisema, kwa sababu ndiyo ilikuwa sheria.

Tangu hapo kila mwanachama mpya alionyeshwa mukaka wangu. Bahasha ilifunguliwa, mukaka akatoka akicheka na mshale wake, watu wakacheka naye, akarudishwa. Mara ya kwanza nilitaka ardhi inimeze. Baadaye nilizoea, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Nataka kuwa mwenye haki, ingawa sina hamu. Nimekaa Beni miaka mingi sasa, na nimewaona akina mama wakipokea picha za watoto wao walio mbali, Oicha na kwingineko, siku ambazo barabara haikupitika na habari za vita zilikuwa mbaya. Hawaangalii uso kwanza. Wanatafuta mikono, wakishaikuta wanatafuta miguu, na baada ya hapo ndipo wanarudi usoni na kulia vizuri. Hapo ndipo sheria ya miguu ilipotoka. Picha ilikuwa ushahidi kwamba mtoto yuko mzima. Ni sababu ya heshima, na laiti mtu angeniambia hivyo nikiwa mdogo ningeipigia magoti. Président hakuijua. Aliirithi sheria kama mtu anayerithi koti, akalivaa bila kuuliza nani alikufa.

Nyumbani nilisema picha imebaki klabuni. Mukaka aliacha kupepeta maharagwe.

“Ule mwanaume anafanya nini na sura yangu?” Akamgeukia baba. “Kakule, enda uniletee sura yangu.”

Baba alisema ndiyo, mama. Hakwenda. Alikuwa muuza misumari na mabati, na muuza misumari hagombani na mtu wa bureau, hasa mtu wa bureau anayekaa meza moja naye kwenye conseil, baraza la paroisse. Badala yake aliona aibu. Président alikuwa amemnong’oneza baada ya misa kwamba si vizuri mama wa mtu kama yeye azunguke kwa watu akiwa nusu, tena mwenye udongo. Basi wakapatana wanaume wawili kwamba mukaka apigwe picha ya kweli, na Président akajitolea kuipiga mwenyewe.

Nilikuwepo. Mukaka alivalishwa kitenge kipya na viatu vya jirani, vyeusi, vyenye kisigino, vidogo kwa mguu wake. Alisimamishwa mbele ya ukuta wa kanisa. Président alirudi nyuma. Akaangalia kwenye kamera, akarudi nyuma tena. Aliogopa mno kukata miguu hivi kwamba alirudi mpaka barabarani, mwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, kilichojaa makaa akampigia kelele, naye akampungia mkono aende.

“Mama, hapana kucheka,” alipaza sauti kutoka ng’ambo.

“Na hivi viatu ninacheka na nini?” alijibu mukaka.

Klabu iliisifu picha ile kwa kusimama. Ukuta ulikuwemo, ngazi zilikuwemo, viatu viling’aa. Uso wa mukaka ulikuwa mdogo kama punje ya maharagwe. Alipoonyeshwa hakuipeleka mlangoni kwenye mwanga. “Iyi ni photo ya viatu,” alisema, na kuirudisha kwa baba.

Muda si mrefu miguu yake ilianza kuvimba. Kwanza alishika fimbo, halafu akaacha kushuka bondeni, halafu akaacha kutoka kitandani, na poireau zikachanua maua bila mtu wa kuzivuna. Watu wazima wa nyumbani walisema ni moyo, ni figo, ni uzee. Mimi nilijua ni nini. Nilikuwa nimeambiwa mbele ya salle nzima: nimemkata mukaka wangu miguu. Sasa miguu ilikuwa inakufa kuanzia chini, sawasawa na mshale ulivyoonyesha. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nachukua maji ya moto na kumkanda, huku nikimwomba Nyamuhanga, Mungu wetu, airudishe picha nyuma ili nisimame hatua moja mbali zaidi.

Mpaka leo nikikumbuka mtoto yule amepiga magoti na kitambaa cha moto mkononi, hasira inanipanda. Mtu mzima anayejiita mkosoaji alimtwisha mtoto mzigo kama huo kisha akaenda kula maharagwe yake ya Jumapili.

Mwishowe nilishindwa. Nilikuwa namkanda, nikaanza kulia.

“Mukaka, ni miye nilikata miguu yako.”

“Nani alikuambia?”

“Président. Na mu photo.”

Mukaka akacheka kile kicheko chake, jicho limefumba, mpaka akakohoa na mimi nikaogopa.

“Sikia, mama. Kama photo inakataka batu, enda upige photo ya Président. Umukate kinywa.”

Nilicheka nikiwa bado nalia. Lakini nilimwamini nusu tu. Mukaka hakuwa na cheo, na mimi nilishafundishwa kuamini wenye vyeo.

Alikufa msimu wa mvua. Shangazi Masika alipanda kutoka Beni na nguo za kilio begani, akaingia moja kwa moja sebuleni ambako baba alikuwa ameweka picha tayari kwenye fremu. Labo ilikuwa imechukua ile ya ukuta wa kanisa na kukuza uso peke yake. Punje ya maharagwe hata ukiikuza kiasi gani haiwi mtu. Kilichotoka kilikuwa doa la kahawia limefungwa kilemba.

“Uyu ni nani?” aliuliza shangazi.

“Ni mama,” baba alisema.

“Hapana. Miye mama yangu ninamujua.”

Baba aliinamisha kichwa. Shangazi alinigeukia mimi. “Na ile ya poireau? Ile aliniambiaka mu simu?”

Ile haikuwepo tena popote. Kamera ilisharudi Beni, na kadi yake ya picha ilifutwa kwa ajili ya harusi ya binamu. Ilibaki karatasi moja tu duniani, na ilikuwa kwenye bahasha ya kaki. Nilimwambia. Shangazi alichomoa lile doa kutoka kwenye fremu, akanipa mkononi.

“Enda kwa ule Président. Umupatie iyi, akupatie mama yangu. Na usirudie mikono mutupu.”

Nilimkuta mlangoni kwake, amekaa kwenye kiti, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Sikuwahi kumwona bila koti. Alikuwa na miguu mifupi, myeupe kwa sabuni, na nakumbuka nilishangaa kwamba anayo ya kawaida kama watu wengine.

“Wavukire, Président,” nilimsalimu.

“Wavukire, mama. Pole ya mukaka.”

“Shangazi anaomba photo yake. Ile ya poireau.”

“Ile ya mufano mubaya?” Alikunja uso. “Ile ni ya klabu. Nikiitosha mu klabu, batoto batajifunza na nini?”

Nikamnyooshea lile doa. “Shangazi anasema ubakie na iyi.”

Aliishika, na mara moja ile sauti ya Jumapili ikamjia. “Eh! Iyi ni flou kabisa. Macho hapana, pua hapana, lumière hapana. Vraiment, nani alipiga kitu kama iyi?”

“Ni weye, Président.”

Sikuwa namkejeli. Niliulizwa, nikajibu. Aliitazama picha, akatazama beseni. “Ni labo,” alisema. “Balabo banaharibiaka batu kazi.” Kisha akaingia ndani na miguu ya maji, akaacha nyayo sakafuni, akarudi na bahasha.

Mukaka alitoka akicheka. Kona zake zilikuwa zimelegea kwa vidole vya watu, lakini ni yeye. Niliponyoosha mkono, Président aliirudisha kifuani kwake kidogo.

“Mais unajua kosa yako?”

“Ninajua, Président.”

“Sema.”

“Miguu.”

“Bien,” alisema, akaniachia.

Mukaka amelala kwenye sanduku, nami nasahihishwa! Nimekutana na watu wengi wenye majivuno tangu siku ile, wengine wana magari na walinzi, lakini sijamwona aliyemfikia mtu yule na beseni lake.

Labo waliikuza haraka. Kijana wa pale alitaka kuufuta mshale kwa ordinateur, yaani kompyuta, umeme ukakatika, na jenereta ilipowashwa hapakuwa na muda. Ikatoka hivyo hivyo: mukaka anacheka, udongo, poireau, na mshale mwekundu mnene unaoshuka mpaka kwenye ukingo. Shangazi aliitia kwenye fremu na kunifunga kilemba cheupe. Nilipoangalia chini na kuuona mshale, miguu yangu iligoma. Nilimwambia sitaweza, watu wataona nilichofanya, wataona nilimkata.

Shangazi hakuelewa vizuri nasema nini, na hapakuwa na nafasi ya kueleza, jeneza lilikuwa limeshainuliwa. Aliniwekea fremu kifuani, akaishikisha mikono yangu. Kisha akafuata mshale kwa kidole, kutoka kiunoni mwa mama yake, chini, nje ya fremu, mpaka kwenye viatu vyangu vya shule.

“Tembea muzuri, mama,” alisema. “Leo miguu yake ni weye.”

Nikatembea. Barabara ilikuwa tope, na watu waliosimama kando walipomwona walianza kutabasamu bila kujizuia, halafu wakalia. “Njo yeye,” walisema. “Njo yeye kabisa.” Hakuna aliyeuliza miguu, kwa kuwa miguu ilikuwa inaonekana, imejaa matope, inaenda. Nililia njia yote, na kile kitu kizito nilichokibeba tangu Jumapili ile kilibaki mahali fulani kati ya nyumbani na makaburi. Président alikuwa kwenye msafara, amevaa koti. Alinikaribia mara moja, nikasikia naftalini, nikaongeza mwendo.

Basi, wanataka maneno machache. Jana usiku wengine walishatuma yao, kila mtu na nguzo yake na mwanga wake. Mimi nilitoa karatasi ile ya kona zilizolegea kwenye Biblia ninamoiweka, nikaipiga picha kwa simu na kuituma kwenye group bila neno. Mukaka na mshale wake.

Kisha mmoja wa wale wakubwa wa zamani, ambaye siku hizi ni mzee mwenye wajukuu, akaandika: “Belle photo, mama. Mais miguu iko wapi?”

Niliandika: “Niko nayo.” Nikatoka kwenye group.